Mguu usioinuka: mwongozo kamili wa kuishi na apareyi mjini Goma

Vua viatu, simama karibu na ukuta, jaribu kutembea hatua kumi kwa visigino peke yake. Kama unyayo wa upande mmoja unakataa kuinuka wakati goti na nyonga bado vina nguvu, mwongozo huu ni wako. Dalili nyingine haihitaji hata kuvua kiatu: soli imelika kwenye ncha ya mbele upande mmoja tu, hatua moja inalia "pa!" na nyingine iko kimya, na goti linapandishwa juu kuliko kawaida ili vidole visigonge jiwe.

Na mawe Goma hayakosi. Lava iliyoshuka kutoka Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 ilipasua mji katikati, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilifika pembezoni, upande wa Buhene. Mawe yake ndiyo kuta zetu, ndiyo nyua zetu, ndiyo njia za mitaa mingi. Mtu wa mji wa lami anaweza kuburuta mguu miaka na miaka akajikwaa mara chache. Huku kwetu ukijikwaa unaangukia makali.

Mimi navaa apareyi, yaani kifaa cha plastiki kinachoshika unyayo usianguke, mguu wa kushoto. Kwenye mabenchi ya kungojea zamu nimezungumza na wengi waliopewa yao wakaisukuma chini ya kitanda, na sababu wanazotoa hazitofautiani sana: haikuingia katika kiatu, au ilichubua. Mara chache sana plastiki yenyewe ndiyo yenye kosa. Kwa hiyo mambo ya hospitali nitayapitia haraka, kwenye kiatu na ngozi nitakaa.

Jua kwanza mshipa umeumia wapi

Msuli unaoinua unyayo uko mbele, kando ya muundi. Unapata amri kupitia mshipa wa fahamu unaotoka kiunoni, unaoteremka nyuma ya paja, kisha unaizunguka shingo ya ule mfupa mwembamba wa nje, chini kidogo ya goti. Papapase hapo: utakuta kinundu kigumu. Mshipa umepita chini yake, juu ya mfupa, umefunikwa na ngozi tu, hauna nyama ya kuukinga.

Ndiyo maana ajali ya moto (pikipiki) iliyopiga goti kwa nje, risasi, plasta iliyobana pale juu, au kulala kitandani siku nyingi mguu ukiwa umegeukia nje, vyote vinaishia mahali pamoja. Hata kuchuchumaa saa nyingi kwenye shamba la maharagwe kunaweza kuubana, au kukaa ukiwa umekunja nne, hasa kwa mtu aliyekonda ghafla. Wakati mwingine tatizo liko juu zaidi: diski ya mgongo iliyotoka na kukandamiza mzizi wa mshipa kiunoni, au sindano ya tako iliyochomwa mahali pasipo pake. Hili la sindano linawaumiza sana watoto, na ndiyo sababu mtoto mchanga anadungwa pajani, mbele kwa upande wa nje. Kisha kuna kisukari, ukoma, polio ya zamani na kiharusi.

Daktari akikuambia tu "mshipa umekufa", muulize umefia wapi na kwa nini. Apareyi ya mtu aliyepigwa gotini si sawa na ya mtu wa kiharusi, na kuna magonjwa ambayo dawa inatangulia apareyi. Ukoma ni mmoja wao: mguu uliolegea kwa sababu ya ukoma chini ya miezi 6 iliyopita unaweza kurudi kwa matibabu ya prednisoloni yanayosimamiwa na daktari. Ukichelewa zaidi ya hapo, nafasi inapungua sana.

Usingoje kesho ukiona mojawapo ya haya:

- miguu yote miwili imelegea, au mkojo na choo vimegoma au vinatoka vyenyewe, au sehemu za siri zimekufa ganzi;
- mdomo umepinda, mkono wa upande huohuo umelegea, maneno hayatoki vizuri;
- baada ya kuvunjika mguu au kufungwa plasta, shavu la mguu limekuwa gumu kama ubao na maumivu hayasikii dawa. Hapo ni suala la saa, plasta ipasuliwe usiku huohuo;
- mguu umelegea mara tu baada ya kukatwa na panga, chupa au risasi. Mshipa uliokatika unaweza kushonwa, lakini si baada ya mwaka.

Watu watakuambia mengine. Kwamba umetegewa, kwamba uchanjwe, kwamba ukandwe kwa maji ya moto na majani. Maombi hayagombani na apareyi, endelea nayo. Ila maji ya moto nakataa kabisa. Mguu uliokufa ganzi hauwezi kukuambia kwamba unaungua, na kidonda cha kuungua kwenye mguu wa namna hii kinaweza kukaa miezi.

Usingoje apareyi ukiwa umekaa

Kati ya kuumia na kupata apareyi huwa kuna wiki, wakati mwingine miezi. Muda huo una adui wake: kano ya kisigino. Unyayo unaoning'inia muda wote unaiacha kano ile ifupike, na ikishafupika unyayo haurudi tena kwenye pembe ya mraba hata ukisukumwa kwa mkono. Hapo fundi wa apareyi hana la kufanya, na hata daktari wa upasuaji anaanza na kazi ya ziada.

Dawa yake haigharimu kitu. Kaa chini, nyoosha goti, pitisha taulo au kitenge chini ya vidole, vuta ncha mbili kuelekea kifua mpaka usikie mvuto nyuma ya shavu la mguu. Shika hapo sekunde 30, achia, rudia mara 5. Kisha fanya vilevile goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi, mchana, jioni. Ukiwa na mtoto mwenye tatizo hili, unamfanyia wewe: kiganja chako kishike kisigino, mkono wako wa mbele usukume unyayo, polepole, bila kumliza.

Usiku blanketi zito linakandamiza vidole chini. Weka mto mgumu au katoni miguuni mwa kitanda, blanketi lining'inie juu yake.

Kwa kutembea, unaweza kujitengenezea kamba ya muda:

1. Kunja kipande cha kitenge mpaka kiwe na upana wa vidole vinne, tanguliza soksi chini yake, kifunge juu kidogo ya kifundo cha mguu. Kikaze tu kiasi cha kutoteremka.
2. Kata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, upana wa vidole viwili.
3. Upitishe kwenye vitundu vya kamba za kiatu vilivyo karibu zaidi na vidole, kisha uuvute na kuufunga mbele ya kile kitenge.
4. Kaa juu ya kiti, mguu uning'inie. Unyayo ukibaki sambamba na sakafu, umepata. Ukipinda ndani au nje, sogeza fundo upande wa pili.

Ivue ukikaa, ivue ukilala. Mwenye kidonda, mwenye mguu uliovimba na mwenye ganzi kamili asiitumie bila kine (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) kumwangalia kwanza. Na kamwe usifunge kitu chochote chini ya goti, pale kwenye kile kinundu.

Siku ya kupimwa

Goma kuna kituo cha Shirika la Umoja, kinachojulikana na karibu kila dereva wa moto. Bukavu kuna Heri Kwetu. Vyote viwili vimefanya kazi kwa miaka na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, ambayo huduma yake kwa watu wenye ulemavu wa viungo ilianza 1979 na ndiyo iliyoeneza sana apareyi za polipropilini katika nchi zenye vita. Ni plastiki ileile ya ndoo na mabeseni, bei yake ni nafuu, haiozi kwa maji, na ikilika inaweza kuyeyushwa upya. Uliza kabla ya kwenda: siku za kupokea wapya, karatasi ya daktari inayotakiwa, na mchango wa mgonjwa.

Nenda na vitu vitatu: kaptula au suruali inayopanda juu ya goti, soksi safi, na kiatu utakachovaa. Kiatu ndicho wengi wanakisahau. Fundi anahitaji kuona kisigino chake kina kimo gani, maana apareyi inainamishwa kulingana na kimo hicho. Ukipimwa kwa kiatu cha soli bapa kisha ukavalia kiatu cha kisigino kirefu, apareyi itakusukuma goti mbele kila hatua, na utadhani fundi hajui kazi.

Atakuvalisha soksi nyembamba, atapaka alama kwa kalamu maalumu kwenye mifupa yote inayojitokeza, atazungushia bendeji za plasta zilizoloweshwa, na atashika unyayo kwenye pembe ya mraba mpaka plasta ikauke. Usimsaidie. Ukijikaza, umbo linatoka la mguu uliokazwa. Baadaye ganda lile linajazwa plasta nyingine ili kupata sanamu ya mguu wako, sanamu inachongwa na kuongezwa mahali pa mifupa, bamba la polipropilini linawekwa kwenye tanuri la nyuzi karibu 180 mpaka weupe wake utoweke na lionyeshe upande wa pili, kisha linafunikwa juu ya sanamu likiwa laini huku pampu ikinyonya hewa. Likipoa linakatwa kwa msumeno, kingo zinasuguliwa, mikanda inapigwa ribiti.

Kabla hajakata, mwambie unavyoishi, kwa sababu mstari wa kukata ndio unaoamua tabia ya apareyi. Ikikatwa nyuma ya kifundo inakuwa nyepesi na inapinda kidogo: inamfaa mtu ambaye unyayo unaning'inia tu. Ikikatwa mbele ya kifundo inakuwa ngumu na inazuia mguu kupinda pembeni: mtu wa kiharusi ambaye mguu unajikaza na kugeukia ndani anahitaji hii. Kuna na ile yenye bawaba kifundoni, inayoruhusu muundi kuinamia mbele lakini hairuhusu vidole kuanguka. Ningekuwa mtu wa Bukavu, pamoja na vile vilima vyake, ningeuliza sana kuhusu bawaba, maana apareyi ngumu kwenye mteremko inakusukuma goti na kwenye mpando inakunyima hatua. Goma mji umetandazika zaidi. Shida yetu ni jiwe kugeuka chini ya mguu, na kwa hilo ugumu kidogo wa pembeni unasaidia. Mwendesha chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), muuza mboga anayekaa juu ya kigoda siku nzima, mwalimu anayesimama: kila mmoja aseme kazi yake. Ukiona fundi hakuulizi, sema mwenyewe.

Usitoke kituoni kabla ya kuangalia haya

Ivae na utembee ndani angalau nusu saa, na ngazi kama zipo. Kisha kaa.

Ukingo wa juu uwe vidole viwili hadi vitatu chini ya kile kinundu cha mfupa. Ukifika juu yake, apareyi itabana mshipa uleule ulioumia, na hilo ni kosa la kurekebishwa palepale. Ukikunja goti, plastiki isichome kano za nyuma ya goti. Kisigino kiwe kimekaa chini kabisa, kisipande ukitembea. Kifundo cha ndani na cha nje visiguse plastiki. Bamba la chini ya unyayo lisiishie katikati ya viungo vya vidole, maana litakata kila unaposukuma hatua; ama liishie nyuma yake, ama lifike mpaka mwisho wa vidole.

Vua, angalia alama. Kama kuna mahali pamebadilika rangi na baada ya dakika 20 hadi 30 pamerudi, sawa. Kama bado papo, rudi kwa fundi kabla hajafunga karakana. Usione haya. Mafundi wazuri wanapenda mgonjwa msumbufu wa siku ya kwanza kuliko mgonjwa aliyenyamaza na kurudi mwezi ujao na kidonda.

Wiki mbili za kuzoea

Siku ya kwanza na ya pili, ivae kwa muda wa saa moja asubuhi na muda wa saa moja alasiri, nyumbani. Kila siku ongeza saa moja, huku ukivua na kuangalia ngozi kila mara. Ukifika wiki ya pili unaweza kuwa unaivaa mchana kutwa. Mwenye ganzi aende polepole zaidi na avue kila baada ya saa moja au mbili, kwa sababu yeye hana kengele ya maumivu.

Namna ya kuvaa ni hii: soksi ndefu kwanza, ivutwe isibaki na mkunjo hata mmoja. Kaa, kunja goti, ingiza kisigino ndani ya apareyi mpaka kigonge nyuma na chini. Funga kwanza mkanda wa kifundo, ndio unaoshikilia kisigino. Wa shavu la mguu ufuate. Halafu mguu na apareyi viingie pamoja ndani ya kiatu kilichofunguliwa kamba mpaka chini. Wengine wanatanguliza apareyi ndani ya kiatu kisha wanasukuma mguu. Inawezekana, ila hapo huwezi kuona kama kisigino kimefika.

Kwenye ngazi, mguu mzima utangulie kupanda, wenye apareyi utangulie kushuka.

Kiatu

Kandambili zisahau nje ya nyumba. Mguu usioinuka hauwezi kuishikilia, na usiosikia hautajua imetoka. Kiatu kinachofaa kina mambo haya: kinafunguka mbali mpaka karibu na vidole, kina kamba au velkro, kina kina cha kutosha, kisigino chake cha nyuma ni kigumu, soli ya ndani inatoka, na soli ya chini ni nene lakini haijainuka. Raba za kukimbilia na viatu vya mlimani vya mitumba vinakidhi haya mara nyingi zaidi kuliko viatu vya ngozi vya kanisani. Ndiyo, suti na raba havipendezi. Kuna viatu vyeusi vya kazi vya kufunga kamba ambavyo kwa mbali mchungaji hatavitambua.

Ujanja wa kwanza: toa soli ya ndani upande wa apareyi peke yake, na upande mzima uiache. Plastiki inachukua nafasi ya ile soli, na miguu inabaki na kimo kimoja. Mara nyingi hilo linatosha, hulazimiki kununua kiatu kikubwa.

Likikataa, unahitaji namba moja zaidi upande wa apareyi tu. Hapo ndipo Birere, mtaa wetu wa biashara, inakuwa na maneno. Muuzaji wa mitumba ukimwomba 42 ya kulia na 43 ya kushoto atakujibu: "Papa, nikikukatia jozi, hii ya kubaki nitauzisha nani?" Ana haki yake. Suluhisho liko kwenye benchi la kituo: tafuta mwenzako mwenye namba kama yako na apareyi mguu wa upande wa pili. Mnunue jozi mbili za aina moja, 42 na 43, mgawane. Viatu viwili vya namba tofauti kwa kila mtu, hakuna kilichobaki.

Usinunue kiatu bila kuvaa apareyi palepale. Ukifika asubuhi mguu haujavimba bado; nenda jioni. Simama, sukuma kidole gumba mbele: nafasi ya upana wa kidole cha mkono ibaki. Pitisha mkono ndani kutafuta misumari na mishono migumu, mitumba haikosi.

Buti za mpira za msimu wa mvua ni mtihani. Zina nafasi, zinazuia maji, na vumbi jeusi haliingii. Lakini jasho linabaki ndani, kisigino kinaelea, na mguu unazunguka ndani kama hakuna kilichoushika. Mimi naona zitumike kwa shamba na kwa safari fupi ya kuvuka maji, kisha zivuliwe.

Kwenye lava soli inaisha haraka kuliko unavyodhani. Igeuze na uiangalie kila wiki. Ikilika upande wa nje tu, mguu unaanza kulalia huko na kifundo kitafuata. Mshona viatu anaweza kubandika kipande cha tairi, mradi aweke kimo kilekile pande zote mbili.

Ngozi

Vitabu vingi vinasema utafute wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri. Tafuta mahali palipokolea weusi au panapong'aa kuliko pengine, pagumu ukibonyeza, au penye joto. Joto lipime kwa mgongo wa mkono, ukilinganisha na mguu wa pili mahali palepale. Sehemu za kuangalia kila jioni ni kisigino, vifundo vyote viwili, mfupa wa pembeni karibu na kidole kidogo, chini ya kidole gumba, na ukingo wa juu chini ya goti. Unyayo usioweza kuuona, upige picha kwa simu au uweke kioo sakafuni.

Ukikuta lengelenge au mchubuko, apareyi inabaki nyumbani mpaka pakauke, hata kama kesho kuna harusi. Usipasue, usiweke pamba ndani ya plastiki ukidhani unaipunguzia mgandamizo. Pamba inaongeza mgandamizo mahali pale pale. Weka alama ya kalamu juu ya plastiki ilipochubua, umpelekee fundi. Atapasha moto sehemu hiyo na kuisukuma nje, kazi ya dakika chache.

Soksi ziwe za pamba, ndefu kupita ukingo wa juu wa apareyi, na uwe na jozi ya pili ndani ya mfuko. Kuanzia Septemba mvua inaponyesha kila alasiri, soksi iliyolowa ndiyo inayochubua, si plastiki. Badilisha. Wakati wa jua, Juni mpaka Agosti, adui ni vumbi la lava: chembe zake zinasugua. Kunguta kiatu na apareyi kabla ya kuvaa, si baada.

Choo, mbabula na moto

Choo cha kuchuchumaa na apareyi ngumu havipatani, kwa sababu kuchuchumaa kunataka kifundo kipinde. Usiivue ukaingia peku kwenye saruji iliyolowa. Mpe seremala kiti cha mbao cha zamani akate tundu katikati, kisimamishwe juu ya shimo, au apigilie mti imara ukutani wa kujishikia. Usiku weka po (chombo cha kujisaidia) chumbani. Watu wengi wanaanguka saa nane za usiku, wakiwa hawajavaa kitu, wakidhani ni hatua tatu tu.

Ndani ya nyumba plastiki tupu juu ya saruji inateleza. Kuwa na viatu vya ndani, au muombe fundi abandike mpira chini.

Mji huu uko mita 1500 hivi juu ya bahari na jioni kunapoa. Mguu uliopooza unahisi baridi zaidi, na jambo la kwanza unalotaka ni kuusogeza kwenye mbabula, jiko la makaa. Usifanye hivyo. Makaa yanaunguza ngozi isiyosikia na yanapinda plastiki kwa pamoja. Soksi mbili na blanketi.

Kwenye moto, bomba la moshi la pikipiki nyingi za huku liko upande wa kulia. Apareyi ikiwa kulia, mwambie motari asimame kabisa, shika bega lake, inua mguu kwa kushika suruali gotini, kisha tazama kwa macho kama kiatu kimekaa juu ya pedali. Njiani tazama tena, mitikiso ya barabara inautoa. Mama aliyevaa kitenge akikaa pembeni, ule mguu unaning'inia hewani tayari kunaswa na kitu. Ni afadhali suruali chini ya kitenge na kukaa kwa kupanua miguu, shemeji waseme watakavyosema. Kuendesha mwenyewe ni jambo lingine: mguu usiohisi breki usishike breki, iwe ya moto au ya gari, mpaka daktari na fundi waseme ndiyo.

Mshipa ukianza kurudi, au ukikataa

Mshipa uliobanwa bila kukatika unaweza kuamka ndani ya wiki. Ulioumia ndani unakua upya kwa mwendo wa karibu milimita 1 kwa siku, yaani sentimita 2 hadi 3 kwa mwezi. Kutoka gotini mpaka msulini si mbali, lakini hesabu miezi. Dalili njema ni hisia kama ya sisimizi inayoteremka muundi ukigonga kwa kidole, na kidole gumba kutikisika kidogo. Endelea na mazoezi na apareyi; hailegezi msuli, kama wengi wanavyoogopa.

Kama baada ya miezi 3 hadi 6 hakuna hata dalili moja, muone daktari wa mifupa au wa neva, kabla muda wa kurekebisha mshipa haujapita. Baada ya mwaka hivi bila nguvu, upo upasuaji wa kuhamisha kano: kano ya msuli wa nyuma ya muundi, ambao kwa kawaida unageuza unyayo ndani, inapitishwa mbele ili iuinue. Inafuata plasta ya wiki kadhaa, kisha kine anakufundisha kuutumia msuli ule kwa kazi mpya. Masharti yake ni kifundo kinachopinda vizuri na ngozi isiyo na kidonda, kwa hiyo yale mazoezi ya taulo yanalipa hapa.

Kuitunza

Ifute kila jioni kwa kitambaa chenye sabuni na maji ya uvuguvugu, ikauke kivulini. Velkro iliyojaa nyuzi isafishe kwa sindano au kitana cha meno madogo. Ribiti ikilegea, au mstari mweupe ukitokea kwenye kifundo, huo ni ufa unaoanza: peleka kituoni. Wale vijana wanaounga mabeseni kwa chuma cha moto ni mafundi hodari wa mabeseni. Kwenye apareyi wanaacha kovu gumu linalochubua, na itavunjika tena pembeni yake.

Mtoto arudishwe kila miezi 3 hadi 6, au mapema vidole vikipita ukingo au plastiki ikianza kubana shavu la mguu. Yake ya zamani usimrithishe mdogo wake wala mtoto wa jirani, hata kama namba ya kiatu ni moja, kwa sababu ilikandwa kwa mifupa ya mtoto mwingine. Yako ya zamani, kama bado nzima na mguu haujabadilika, iweke ukaone kama fundi anaweza kuibadilishia mikanda. Utaivaa siku ile mpya iko karakana.